Kabla ya kumbusu, uliza amekula nini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni salama kumpakata mbwa, kumbusu na kulala naye kitanda kimoja. Mimi nasema kumpakata sawa, kumbusu hapana, kitandani asipande. Lakini sababu zangu hazianzii mdomoni mwa mbwa, zinaanzia kwenye bakuli lake.

Krismasi mbili zilizopita tulichinja kondoo hapa nyumbani, Kajiado. Kumpasua, tukakuta ini lina vifuko vya maji, vyeupe, kimoja kikubwa kama yai la kuku. Mchinjaji akakibonyeza kwa kidole, akasema hili haliliki, mpeni mbwa. Tukampa Popi. Alilimaliza kwa kufumba na kufumbua, na wiki zote zilizofuata aliendelea kulala kwenye kochi, kichwa mapajani mwa binti yangu, akimlamba mikono.

Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja nikamsimulia kisa hicho kama mzaha. Hakucheka. Vile vifuko, aliniambia, ndani yake mna vichwa vya tegu, wale minyoo bapa wa tumboni. Mbwa akila ini lile bichi, tegu wanakomaa utumboni mwake kwa wiki sita au saba hivi. Ni wadogo mno, milimita chache tu, na wanaweza kuwa maelfu. Mbwa mwenyewe hakondi wala haugui, anacheza kama kawaida. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaganda kwenye manyoya, na mbwa naye hujilamba nyuma kabla ya kukulamba wewe. Mtoto akimshika shingo, kisha akachukua chapati bila kunawa, basi. Kwa binadamu yai hilo halizai tegu. Linageuka kifuko kama kile cha kondoo, kwenye ini au mapafu, na kinakua polepole kwa miaka hadi mtu apasuliwe.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaujua ugonjwa huu kuliko sisi. Eneo hilo limehesabiwa kwa muda mrefu kati ya yale yaliyoathirika zaidi duniani, na shirika la afya la AMREF lilikuwa likiendesha kampeni dhidi yake huko tangu miaka ya 1980. Maji ni haba, mbwa na watoto wanalala pamoja, na matumbo ya mbuzi yanatupwa palepale panapochinjwa. Mimi nina bomba jikoni, na bado nilifanya kosa lilelile.

Kuhusu mate yenyewe, kuna wanaosema ulimi wa mbwa ni dawa ya kidonda. Jamani, acheni. Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate, na si lazima uumwe: akikulamba penye mchubuko, au machoni, au mdomoni, virusi vinaweza kupita. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Mbwa usiyemjua akikuuma au akikulamba kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukadungwe chanjo. Jirani yangu Mwislamu, wa madhehebu ya Shafi, akiguswa na mate ya mbwa huosha mara saba, moja kwa udongo. Zamani nilikuwa namtania. Nimeacha.

Popi sasa anachanjwa kila mwaka na anapewa prazikwanteli, maana si kila dawa ya minyoo ya dukani inaua tegu. Nyama yake inachemshwa. Usiku analala kwenye gunia lake barazani. Binti yangu bado anampakata, ila ameshazoea kwenda kwenye sinki kabla ya kula, tena bila kukumbushwa, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtoto wa miaka tisa.

Krismasi iliyopita tulichinja tena. Ini lilikuwa safi tukalila sisi, lakini mapafu yalikuwa na vifuko viwili, nikayachimbia shimo refu nyuma ya zizi na kuweka mawe juu. Popi alikaa kando ya yale mawe hadi magharibi, akinitazama.