Uji wa nafaka 12, mbona mtoto haongezeki kilo?

SWALI: Mwanangu ana miezi saba na nusu. Tangu afikishe sita nampa uji wa lishe wenye nafaka 12, nanunua kwa dada mmoja hapa Morogoro. Anaunywa vizuri kwa chupa mara nne kwa siku, lakini kliniki mara mbili mfululizo mzani umesoma kilo 6.9. Niongeze nini kwenye unga?

JIBU: Usiongeze kitu kwenye unga, mama. Tatizo liko kwenye hiyo chupa.

Uji unaopita kwenye chuchu ni maji. Vijiko viwili vya chakula vya unga, gramu 20 hivi, kwenye robo lita ya maji vinakupa uji ambao mililita 100 zake hazifiki kilokalori 30. Maziwa yako yana kati ya 60 na 70. Tumbo la mtoto wa kilo saba linabeba takriban mililita 200 kwa mlo mmoja. Ukilijaza uji huo mara nne kwa siku, humlishi, unamnyima ziwa.

Weka chupa kando, chukua kikombe na kijiko. Pika uji mzito unaokaa kwenye kijiko, ukikiinamisha ushuke taratibu, usitiririke. Mnyonyeshe kama kawaida. Mpe mara mbili au tatu kwa siku, uanze na vijiko vichache, upande mpaka nusu kikombe.

Kama uzito wa uji unamsumbua, usikimbilie maji, tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uchipue siku mbili tatu, anika, saga. Ni kimea kilekile cha wapika pombe. Epua uji mzito, upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha chai, subiri dakika chache. Utauona unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji, kwa sababu kimea kinavunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo umpe.

Sasa hizo nafaka 12. Karibu kila wiki naletewa mfuko wa namna hiyo mezani. Mama anaufungua kwa fahari, nami kabla sijauliza lolote nasikia harufu ya soya mbichi. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele: vyote ni wanga, na kuvirundika pamoja hakuvigeuzi kuwa kitu kingine. Mtoto wa miezi sita akiba yake ya madini ya chuma imeisha, na nafaka na kunde zina fitati inayoyashika hayo madini yasifyonzwe vizuri. Anachohitaji ni yai, maini yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, kijiko cha mafuta. Hivyo havimo kwenye mfuko ule. Na soya isipochemshwa vizuri kabla ya kukaushwa na kusagwa, humzuia mtoto kumeng'enya protini anayodhani mama amemnunulia. Akipata vipele, kati ya vitu 12 utamlaumu kipi?

Linaloniudhi kuliko yote ni karanga na mahindi. Hujui vilihifadhiwa wapi wala vilichambuliwa na nani. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huwezi kuionja, huwezi kuiona kwenye unga, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kwa watoto, kiasi kidogo cha kila siku kinahusishwa na kudumaa. Anayeuza unga kwa maneno "mtoto atanenepa ndani ya wiki mbili" muulize aliupima wapi. Sijakutana bado na aliyenijibu.

Wengine uji ukishindwa wanauziwa dawa ya maji ya "hamu ya kula". Nyingi ya hizo ni dawa ya mzio. Inamlaza mtoto, na haifai kwa aliye chini ya miaka miwili. Usiinunue.

Mpeleke kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Kukaa kilo zilezile mara mbili kunatosha kumtafutia sababu, pamoja na kupima damu. Na ukitaka unga wenye karanga, nunua punje, zichambue mwenyewe kwenye ungo mchana kweupe. Zilizosinyaa na zenye ukungu zifukie, usiwatupie kuku.