Joka la Gessner lilikuwa samaki taa

SWALI: Nimeona picha kutoka kitabu cha wanyama cha Conrad Gessner wa Zürich, juzuu la samaki la mwaka 1558. Kuna kijoka chenye mbawa, miguu miwili na uso kama wa mtu. Mtaalamu kama yeye aliamini jambo hilo, au mchoraji alijitungia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuamini, wala mchoraji hakutunga. Alichora alichowekewa mezani: taa aliyekatwa na kukaushwa. Gessner mwenyewe aliandika kwamba wauza dawa huwapinda taa, huwapotosha kichwa na kinywa, hukata huku na kule, kisha huinua nyama iliyobaki ifanane na mbawa. Ubaya ni kwamba anayenakili picha mara nyingi huyaacha maneno hayo.

Wewe uko pwani, basi mpindue taa yeyote mnadani uone huo uso. Kinywa kiko upande wa tumbo, na yale yanayoonekana kama macho ni matundu ya pua. Macho ya kweli yako mgongoni. Fundi alipasua mapezi kando ya kichwa, akafunga uzi nyuma yake ipatikane shingo, akapunguza mapezi na kuyainua. Miguu je? Ni viungo viwili vya uzazi vya taa dume, kwa hiyo jike hana “miguu” hiyo. Taa ana gegedu tupu, hana mifupa, ndiyo maana hupindika kwa urahisi akiwa mbichi. Lakini asiposhikiliwa mpaka akauke, ngozi husinyaa na umbo lote huharibika.

Ukikutana na picha ya namna hii, anza na kifua. Matundu matano ya matamvua kila upande yakionekana, huyo ni taa. Aldrovandi, mtaalamu wa viumbe wa Bologna, Italia, alisema wazi: katika kitabu chake cha samaki, kilichochapwa 1613, picha kama hiyo imeitwa joka lililotengenezwa kwa taa.

SWALI: Na yule nyoka mwenye vichwa saba aliyehifadhiwa Hamburg, Ujerumani, naye alitengenezwa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Albertus Seba, mkusanyaji wa viumbe, alichapisha picha ya nyoka huyo Amsterdam mwaka 1734. Mwaka uliofuata Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, alimkagua mnyama mwenyewe, akatambua taya na miguu ya vicheche, vikiwa vimefunikwa ngozi ya nyoka. Hapa pia mkono wa mchoraji haukukosea. Meno ndiyo yaliyomfichua.