Nani Atanunua Tokeni? Maswali Yenu Kuhusu Vikundi na Mashirika Kufanya Kazi Pamoja

Maswali ya safari hii yametoka kwa viongozi wa vikundi na wafanyakazi wa mashirika madogo, kuanzia Busia mpaka Nakuru. Karibu yote yanauliza jambo moja kwa njia tofauti: tumeungana na wenzetu kwa nia njema, mbona kazi haisogei? Nimeyafupisha na kuondoa majina.

Sisi ni kikundi cha akina mama wakulima wa mpunga karibu na Ahero. Shirika moja la Nairobi linataka tutie sahihi barua ya ushirikiano kufikia kesho kutwa, ati muda wa kuomba ufadhili unaisha. Tutie?

Msitie kabla hamjaona kurasa mbili za andiko lao: ule unaoeleza kazi yenu na ule wa bajeti. Kama wamepata muda wa kuwatumia barua, wanao pia wa kuwatumia hizo. Tafuteni jina la kikundi chenu. Mmeandikwa kama washirika wenye kazi na fungu lao, au mmetajwa tu miongoni mwa watakaonufaika? Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mtaitwa kwenye vikao vya kupanga au mtaitwa tu siku ya kupigwa picha. Angalieni pia miezi waliyopanga mafunzo. Nimeona ratiba iliyowataka akina mama wakae darasani wiki nzima wakati mpunga umeiva na ndege wanaushambulia shambani.

Halafu jueni mnachotia sahihi. Barua ya kuunga mkono inasema tu kwamba mnawafahamu na mnaipenda kazi yao. Haiwapi shilingi wala haiwafungi sana. Mkataba wa maelewano unataja nani atafanya nini, lakini mara nyingi hautoshi kumdai mtu pesa mbele ya sheria. Pesa zikipita kwao kuja kwenu, dai mkataba wake wa pekee wenye kiasi, tarehe na masharti ya risiti. Ulizeni wamesajiliwa wapi. Mashirika ya manufaa ya umma sasa yako chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024, na mamlaka yake ndiyo iliyochukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Nanyi tazameni cheti chenu cha ofisi ya maendeleo ya jamii kisije kikawa kimeisha muda. Wakiwajibu vizuri, tieni sahihi bila woga. Haraka peke yake haimaanishi hila. Wafadhili wengi hutoa muda mfupi kwelikweli.

Kikundi chetu cha wauza samaki, Kisumu, kimepata mshirika wa kutujengea kikaushio cha omena cha nguvu ya jua. Tuzungumze nini kabla hakijafika?

Swali hili limenigusa, nivumilieni nikae nalo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kwenye ufuo mmoja wa ziwa letu. Shirika fulani likatuletea friza, ile ya kulala, nyeupe, yenye milango miwili ya kuinua. Siku ya kukabidhiwa tuliimba, tukapigwa picha, chifu akahutubia. Jioni tukaichomeka dukani kwa mwenzetu. Siku ya nne tokeni za umeme zikaisha. Mwenye duka akasema tokeni zake ni za taa na redio. Mweka hazina akasema pesa za kikundi ni za kukopeshana, katiba yetu haitaji umeme. Nikampigia afisa wa lile shirika, naye akanijibu kwa upole kwamba bajeti yao ilikuwa ya kununua vifaa, ya kuviendesha haikuwamo. Wote watatu walisema kweli. Mbuta tuliowahifadhi tuliwatoa wamelainika, maji mekundu yakitiririka sakafuni, tukawauza kwa wakaangaji kwa hasara kabla jua halijatua. Friza ikafunikwa leso, baadaye magunia ya omena yakapandishwa juu yake, ikageuka meza.

Nimefikiria jambo hilo mara nyingi na sijamwona aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tumeketi na shirika lile vikao sita tukizungumzia friza, na umeme haukutajwa hata mara moja. Tuliogopa. Anayepewa huona haya kuuliza, anahofu akiuliza sana kitu kitapelekwa ufuo wa jirani. Anayetoa naye anahofu akitaja gharama zote atawavunja watu moyo. Kila upande ukamstahi mwenzake ukanyamaza, na tukavuna tulichovuna.

Kwa hiyo ombeni kikao kimoja, kabla ya fundi kuleta hata mbao, cha yale maswali ambayo watu wanaona haya kuyauliza. Kikaushio kitasimama kwenye ardhi ya nani? Ufuo wenu una kamati ya usimamizi, ile BMU iliyowekwa na kanuni za mwaka 2007, na kama mtajenga mahali pa kuteremshia samaki bila kuwaita wao, mtajikuta mnagombana na majirani mnaowahitaji kila alfajiri. Ufunguo atakaa nao nani, na akisafiri kwenda matangani atamwachia nani? Plastiki ya juu itachakaa kwa jua na upepo, itanunuliwa na pesa gani? Mimi ningependekeza kila anayeanika alipe kidogo kwa debe, tangu siku ya kwanza, hata kama bado hakuna kilichoharibika, na pesa hizo zikae kando na zile za mikopo. Mvua za masika zikikaza, zamu ya nani itangulie? Na la mwisho, ambalo watu hulisahau kabisa: mradi ukiisha, kikaushio ni mali ya kikundi au ya shirika? Liandikwe.

Mshirika mwema hatakasirika. Nimekaa upande wa mashirika pia, na nakuhakikishia afisa anayeulizwa maswali hayo hurudi ofisini akiwa na hoja ya kumwambia mkubwa wake bajeti iongezwe.

Mratibu wa shirika tunaloshirikiana nalo, hapa Kakamega, amehamishwa. Mpya hajui lolote tulilokubaliana na yule wa kwanza.

Poleni. Mwiteni awatembelee, mmkaribishe vizuri, mmsimulie safari yenu tangu mwanzo bila kumlaumu kwa ahadi ambazo hakuzitoa yeye. Kuanzia sasa, kila baada ya kikao katibu aandike ukurasa mmoja wa mliyokubaliana na autume siku hiyohiyo, hata kwa WhatsApp, kwa watu wasiopungua wawili wa upande wao. Nanyi pia msimwachie mwenyekiti peke yake mawasiliano yote. Akihama Kakamega mtakuwa mmewatendea wao walichowatendea ninyi.

Niko Busia. Mwezi wa tano afisa wa kaunti alituahidi mbele ya watu kwamba mwaka wa fedha ujao watatujengea kibanda cha kuuzia mboga. Julai imefika, kimya.

Inawezekana kabisa alikuwa anamaanisha. Tatizo ni mwezi aliotoa ahadi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yawe yamefika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Alipokuwa akizungumza nanyi, mezani palikuwa pameshajaa.

Basi shikeni kalenda badala ya kumshika afisa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Hapo ndipo kibanda chenu kinatakiwa kiingie, kwa jina la soko na la wadi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja sasa hivi, nakala kwa mwakilishi wenu wa wadi, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Februari hutoka waraka wa sera ya fedha ya kaunti, mwisho wake tarehe 28, nao ndio unaoweka ukomo wa kila idara. Fuatilieni vikao vya kushirikisha umma, mwende watu kumi, msiende mmoja. Mkifika angalieni pia mpango wa miaka mitano wa kaunti, wa 2023 hadi 2027: kama masoko ya wadi yenu yamo mle, mna msingi wa kudai. Na afisa wenu msimgeuze adui. Mtu wa ndani anayewatakia mema ndiye atakayewaambia faili limekwama dawati gani.

Tunaendesha kikundi cha kusaidiana cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), Nakuru. Shirika linalotaka kushirikiana nasi linaomba orodha ya wanachama: majina, vitambulisho, simu. Tunaogopa kuwapoteza.

Msitoe. Orodha hiyo, kwa sababu tu ya kundi inakotoka, inatangaza hali ya afya ya kila aliyemo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake. Idhini ya mwenyekiti si idhini ya wanachama.

Ulizeni wanaihitaji kwa nini. Mara nyingi watasema ni kwa ajili ya ripoti, na ripoti inatosheka na hesabu: wanawake wangapi, wanaume wangapi, umri gani. Kama kuna nauli itakayotumwa kwa simu, kila mwanachama aelezwe nani ataona namba yake na kwa muda gani, kisha aamue mwenyewe, na anayekataa asinyimwe huduma ya kikundi. Shirika likishikilia lazima lipate yote, waacheni waende. Mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu jina lake lilisomwa na jirani hatarudi kwa sababu ya mradi.

Mshirika wetu mkubwa anaweka nembo yake peke yake kwenye mabango. Je, ni udogo wa moyo tukilalamika?

Hapana. Kikundi kidogo kinapata mshirika wa pili kwa kuonekana kilichofanya na wa kwanza. Semeni mapema, kabla bango halijachapishwa. Lakini mimi ningegombania zaidi nakala ya kila ripoti inayopelekwa kwa mfadhili. Humo ndimo mtakapoona kazi yenu imesimuliwa kuwa ya nani.

Vikundi vyetu viwili vya vijana vimekuwa vikizoa taka pamoja Nyalenda, hapa Kisumu. Tumeona tuachane, lakini tuna mkokoteni mmoja na wateja ni walewale. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa mzee mmoja mnayemheshimu wote, akae katikati. Leteni daftari la michango, daftari la wateja na taarifa ya akaunti, msome kwa sauti kila mtu asikie. Madeni kwanza, mali baadaye. Wateja wagawanyeni kwa vichochoro, kila upande upate vya karibu na kwao, na mzunguke pamoja nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Mwenye nyumba akiwaona pande zote mbili mlangoni hatasikiliza uvumi.

Mkokoteni mpelekeni kwa fundi asiye na rafiki kwenu, aangalie ekseli na magurudumu, ataje bei. Anayetaka kubaki nao alipe nusu yake, hata kwa awamu tatu, na iandikwe. Akaunti ifungwe na waweka sahihi wote wakiwa wamesimama dirishani. Na zile nyumba ambazo zimeshalipa za mwezi huu, taka zao mzizoe pamoja mpaka tarehe ya mwisho.