Mama Ian, jina refu mnalo nyumbani

Mhariri, nijibu swali la wiki hii. Mama mmoja amejifungua mvulana, wameshamwita Ian, na sasa anatafuta jina la kati linaloendana na jina fupi namna hiyo. Ametaja Ryan, Liam na Jayden, anaomba wasomaji tumchagulie.

Mimi nisingechukua hata moja. Nafundisha darasa la nne hapa Nakuru, na kila asubuhi naita majina kutoka kwenye rejista, kwa hiyo majina ya watoto nayajua kwa sikio. Liite Ian Ryan kwa sauti, kama unamwita mtoto aliye mwisho wa uwanja: yote mawili yanaishia kwa mlio uleule. Ian Liam ni hivyo hivyo, i-a, i-a, jina limekwisha mtoto hajainua hata kichwa. Jayden lina afadhali, ila akina Jayden tunao wengi, na akina Ian pia. Wakiwa watatu darasa moja, hilo la pili ndilo litakalomtambulisha mtoto mpaka amalize shule. Ndiyo maana nalitaka liwe na silabi tatu au nne na lianze na konsonanti inayosikika: Ian Kiprotich, Ian Musyoka, Ian Wekesa. Ian Otieno huungana kidogo ukiliita haraka, lakini bado lina mwendo mzuri.

Mama Ian hakusema mtoto ni wa watu gani, na hilo ndilo la kwanza ningemuuliza. Kama baba ni Mkikuyu na huyu ndiye mwana wa kiume wa kwanza, basi hakuna cha kuchagua: jina la pili ni la babu mzaa baba. Wa pili atachukua la babu mzaa mama. Desturi hii haina mchezo. Mzee Jomo Kenyatta baba yake aliitwa Muigai. Mwanawe wa kwanza, kwa Grace Wahu, akaitwa Peter Muigai, na mwana wa kiume wa kwanza kwa Mama Ngina, aliyezaliwa 1961, ni Uhuru Muigai. Ndugu wawili, babu mmoja, jina moja. Kazi ya kuwatofautisha ikabaki kwa Peter na Uhuru. Kwa hiyo katika nyumba kama hiyo, jina la babu lilikuwepo kabla ya mtoto, na Ian ndilo lililopaswa kupimwa kwalo.

Kwa wengine, saa na majira huamua. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, alfajiri Omondi, mvua ikinyesha Okoth. Mbukusu wa mvua ni Wafula, wa mavuno Wekesa. Mkamba wa asubuhi ni Kioko. Kwa Wakalenjin, Kipkoech alizaliwa kukipambazuka, na Kiprotich ng'ombe wakirudi boma. Muulize mkunga au shangazi ilikuwa saa ngapi, jina litajileta lenyewe.

Shida ipo kwenye ndoa za mchanganyiko, kila upande ukingoja mjukuu wake. Hapo nashauri mkae na wazee mapema, kabla ya kwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, maana jina likishaandikwa, kulibadilisha ni safari ndefu ya ofisi na mawakili. Majina manne kwenye cheti yanaruhusiwa na watoto wengi wanayo, ingawa mwalimu ndiye anayehangaika kuyabana kwenye mstari mmoja wa rejista.

Wasomaji wa Tanzania watashangaa tunajadili nini, kwani kwao jina la kati kwa kawaida ni la baba: Ali Hassan Mwinyi, Ali mwana wa Hassan. Lakini hata kwao yupo Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama 1922, akapewa utotoni jina la Kambarage, la mzimu wa mvua, na Julius likaja na ubatizo mwaka 1943.

Tahadhari moja kwa wanaoelekea kwenye majina ya Kip-: wenzake watalikata. Nina akina Kip wanne, na anayeitwa Kip uwanjani ni nadra kuitikia peke yake. Baba akiwa Mkalenjin, sioni tatizo, mtakuwa mmefuata kwenu, ila msishangae.

Na siku ya kuandikisha, mwandikie karani jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, usimtamkie tu. Kiplagat na Kiplangat yote ni majina sahihi, inategemea mnatoka upande gani wa Bonde la Ufa. Nina mwanafunzi ambaye ni Kiplagat kwenye cheti na Kiplangat kwenye kadi ya kliniki, na mpaka leo mama yake ananiuliza mimi tuandike lipi.