Fundi Boti Anajibu: Resini Imegandia Ubavuni

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tanga, najenga boti ya faiba ya futi 18. Siku zote napaka resini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, kwa brashi, safari hii nikajaribu kufyonza: faiba kavu ndani ya kalibu, nailoni juu, pampu ikatoa hewa. Resini niliiingizia mkukuni, chini kabisa ya boti. Ilipanda vizuri hadi nusu ya ubavu, ikazubaa, ikaganda. Huko juu kumebaki mabaka meupe. Ninunue pampu kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pampu iache kwanza. Hata ununue ya bei gani, kinachoisukuma resini ni uzito wa hewa ya nje tu, kama milibari 1,000. Wewe umeshindwa na urefu wa safari ya resini. Ndani ya faiba, umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ikiwa sentimita 40 za kwanza zilichukua dakika 5, ya 80 utaifikia dakika ya 20, na ya 120 dakika ya 45. Kwa jua la Tanga la saa saba mchana, resini haikungojei hivyo.

Laza mpira wa pili wa kuingizia katikati ya kila ubavu, omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uubane. Usiufungue mpaka uone kwa macho yako resini ya mkukuni imeupita. Ukiwahi, resini ya chini na ya juu zitafungia hewa katikati, na hewa hiyo haina pa kutokea. Wavu wa kupitishia resini uishie sentimita 5 hivi kabla ya mpira wa pampu, ili faiba ishibe kwanza. Na anza alfajiri. Hadina, dawa ya kugandisha resini, usiipunguze chini ya kiwango cha mtengenezaji kwa kuogopa joto, boti itabaki laini.

Kabla ya kuchanganya chochote, bana mpira, zima pampu, tazama geji nusu saa. Sindano ikirudi, pana tundu. Usiku mmoja nilizunguka kalibu kwa magoti tangu magharibi hadi saa sita, sikio juu ya nailoni, ndipo nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu kwenye pembe ya tezi: kikunjo kimoja cha nailoni hakikushikana na utepe. Ningemimina jioni ile, ubavu mzima ungejaa vipovu.

Boti uliyonayo usiitupe, ila usiyafunike mabaka kwa resini ya brashi. Ndani pangebaki pakavu na maji yangeingia. Saga mpaka ufike faiba iliyoshiba, kingo uziteremshe milimita 12 kwa kila milimita 1 ya unene, kisha jaza tabaka kwa tabaka. Vaa barakoa nzuri, mwanangu. Vumbi la faiba halina huruma na mapafu.