Kama mzee wako amekutwa na uvimbe kwenye ubongo, soma hii kabla hamjaamua chochote

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu ambao saa hizi wamekaa kwenye benchi la hospitali wameshika bahasha ya picha na hawajui waanzie wapi, mana mimi nimekaa hapo na mama yangu mzazi akiwa na miaka 73.

Kwetu ilianzia kwenye vitumbua. Mama amechoma vitumbua pale nje Tandika tangu mimi niko shule ya msingi, chuma chake kina mashimo saba, sasa asubuhi moja natoka kwenda kazini nikamkuta anamimina uji kwenye mashimo ya kulia tu, ya kushoto yako matupu mafuta yanaungua moshi unatoka, nikamwambia mama mbona huku hujaweka, akaniangalia akasema "nimeweka yote". Hakua anatania. Mchana dada akapiga simu kua mama amekula wali nusu sahani, ile nusu ya kulia, kushoto hajagusa kabisa kama mtu kapiga mstari katikati, af analalamika kapakuliwa kidogo. Uvimbe ulikua upande wa kulia wa ubongo, kwaiyo dunia ya upande wa kushoto kwake ilikua kama haipo.

Tulipoteza karibia miezi miwili. Hospitali ya kwanza walisema presha, ya pili wakasema uzee tu huo, majirani wakasema mkono wa mtu, na mimi mwenyewe nikashikilia kua ni kiharusi. Kiharusi mara nyingi kinakuja ghafla, mtu alikua mzima saa mbili, saa tatu mdomo umepinda. Uvimbe unanyemelea, wiki hii kasahau njia ya kurudi nyumbani, wiki ijayo mguu unaburuta. Na kuna kitu sikukijua, ubongo wa mzee unasinyaa kwaiyo uvimbe unapata nafasi ya kukua bila kichwa kuuma sana, msisubiri maumivu. Mzee akianguka kifafa kwa mara ya kwanza uzeeni, au tabia yake ikabadilika ndani ya wiki chache tu, ombeni picha ya kichwa.

Msiuze kiwanja kabla hamjajua jina la huo uvimbe. Nasema ivyo kwa uchungu mana ukisikia tu neno uvimbe unaona jeneza. Kuna unaoitwa meninjioma, unaota kwenye utando unaofunika ubongo, unawapata sana wanawake watu wazima, mwingi wake sio kansa na unakua taratibu, wazee wengi hawapasuliwi kabisa, wanarudia MRI (picha ya kichwa ya mashine ya sumaku) kila baada ya muda wanaangalia kama unaongezeka. Kuna uvimbe ambao umetoka kwingine, kwenye mapafu au ziwa, huo matibabu yake yana njia yake. Na kuna mzee alijigonga kidogo tu bafuni wiki kadhaa nyuma, damu ikajikusanya taratibu chini ya fuvu, dalili zinafanana kabisa na uvimbe na wengi wakitolewa ile damu wanarudi vizuri. Wa mama ulikua glioblastoma, kansa inayoanzia kwenye ubongo wenyewe, ambao ndo mkali.

Sasa umri. Sehemu moja, sitaji wapi, tuliambiwa "mama ameshakula chumvi nyingi, mrudisheni apumzike", hata hawakumuuliza jina. Tulipofika MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, daktari wa upasuaji akaanza na maswali mengine kabisa, anaoga mwenyewe? anapanda ngazi? moyo ukoje, figo zikoje, sukari je? Ndo nikaelewa kua mzee wa miaka 75 anayetembea mwenyewe sokoni na mzee wa miaka 66 ambaye hanyanyuki kitandani hawawezi kupewa jibu moja. Kwaiyo ukiambiwa kazeeka, uliza kwa heshima, "daktari, ukiacha miaka, mwili wake unaruhusu nini?"

Mama walimtoa sehemu ya uvimbe, nyingine wakaiacha mana ilikua karibu na sehemu inayoendesha mkono na mguu. Tulielezwa wazi kua kwa uvimbe ule upasuaji unapunguza, haumalizi. Baada ya hapo mionzi, na hapa wengi hawajui, kawaida ni mara 30 ndani ya wiki 6, ila kwa wazee kuna ratiba fupi ya mara 15 ndani ya wiki 3. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2017, wagonjwa wa miaka 65 na kuendelea, waliopata mionzi hiyo mifupi pamoja na vidonge vya kansa vya temozolomaidi nusu yao waliishi zaidi ya miezi 9.3, waliopata mionzi peke yake miezi 7.6. Hizo namba zilinikata maini. Ila bora nilizijua, mana tuliacha kupanga ya mwaka kesho tukapanga ya wiki hii.

Pale Ocean Road, hospitali ya kansa alikopigwa mionzi, kitu kilichomtisha mama ni kinyago. Ni plastiki ya wavu, wanailainisha kwenye maji ya moto wanaivuta usoni, inakauka dakika chache, af kila siku inabanwa kwenye kitanda ili kichwa kisitikisike. Alidhani wanamzika. Yule mtaalamu akamshika mkono akamwambia mama tunakuona kwenye kamera, ukinyanyua mkono tu tunakuja. Akitoka ana alama za wavu kwenye paji la uso na mashavuni, anazisugua na pindo la kanga mpaka tunafika Tandika. Wiki ya tatu uchovu ulimzidi, alikua analala mchana kutwa, tulitahadharishwa.

Kuhusu deksa (deksamethasoni), ni dawa ya kushusha maji yanayojaa kuzunguka uvimbe kichwani, haiondoi uvimbe wenyewe, siku mbili tu mama akaanza kuuona ule upande wa kushoto, tukashangilia tukajua kapona. Hajapona, ni deksa. Inapandisha sukari, inafukuza usingizi, na sisi tulipoona sukari imepanda tukaikata wenyewe ghafla, tukarudi emajensi usiku wa manane mama hajitambui. Hilo kosa ni letu na bado linaniuma. Deksa inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, basi.

Muda wote huo sisi watoto tulikua tunanong'ona koridoni, mjomba anataka India, kaka anataka maombi, hamna aliyemuuliza mwenyewe. Nikamuuliza siku moja nampaka mafuta miguuni. Akasema mionzi ataenda, kichwa wasimfungue tena, India hataki, na akimaliza arudishwe barazani kwake.

Alikaa nasi miezi kumi baada ya upasuaji. Mingi ya hiyo alikua barazani, kwenye mkeka pembeni ya jiko, mwanangu anakaa kushoto kwake na upawa wake mdogo, bibi anamimina ya kulia, mjukuu anamimina ya kushoto, na kila chuma kikijaa mama anauliza, "na huko kwako umeweka?"