Bandari ya Kisumu Imefufuka: Akiba ya Chama Iwekwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mchuuzi wa omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye. Tangu bandari yetu ikarabatiwe, kila mtu mjini anazungumzia nafasi za biashara. Chama chetu cha akina mama kina akiba ya shilingi 240,000. Baadhi ya wenzangu wanataka tununue sehemu ya kiwanja karibu na ufuo kwa kuwa bei ya ardhi inapanda, na wengine wanataka tufuge samaki aina ya ngege katika vizimba ziwani. Mimi nahofia yote mawili. Tufanyeje?
Mchuuzi wa Omena, Kisumu

JIBU: Mama, hongereni kwa kuweka akiba hiyo, na hofu yako ina msingi.

Ufufuo wenyewe ni wa kweli. Reli ilifika hapo mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na kwa miongo mingi Kisumu iliishi kwa shehena iliyotoka kwenye treni na kuingia melini kuelekea Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kisha magugumaji yakaziba Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 huku malori yakibeba mizigo iliyokuwa ya meli, shughuli bandarini zilididimia. Leo kuna gati la mafuta, reli ya zamani kutoka Nakuru imekarabatiwa, na MV Uhuru, meli iliyoundwa katika miaka ya 1960, ilirejea kazini mwaka 2019. Hata hivyo, angalia jinsi shehena hiyo inavyopita. Mafuta husukumwa kwa bomba hadi chomboni, na MV Uhuru ina reli ndani yake, hivi kwamba mabehewa husukumwa hadi melini yakiwa na mzigo wake bila gunia hata moja kushushwa. Utaratibu huo ni wa haraka na una manufaa makubwa kwa taifa, lakini hauhitaji wapagazi wengi, wala mama lishe wengi wa kuwalisha wapagazi hao. Kwa sababu hiyo, sikushauri uweke akiba ya chama mahali popote kwa hoja ya ujirani na bandari peke yake.

Kuhusu kiwanja, nakuomba uwakumbushe wenzako yaliyotokea katika ufuo wa Lwang'ni, ambako vibanda mashuhuri vya samaki vilibomolewa bandari ilipokuwa ikikarabatiwa. Sehemu kubwa ya ufuo wa mjini ni ardhi ya reli, ya bandari au ya hifadhi ya ziwa, na mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia majumbani. Sehemu ya kiwanja isiyo na hati yake yenyewe si mali ya kuwekea jasho la akina mama. Vizimba navyo ni biashara halali na yenye faida kwa wenye mtaji mkubwa, lakini chakula cha samaki humeza zaidi ya nusu ya gharama, ngege huchukua miezi kadhaa kabla ya kuuzwa, na hewa ya oksijeni ikipungua majini samaki wote wanaweza kufa kwa usiku mmoja, kama walivyoshuhudia wafugaji wengi wa upande wa Kisumu mwaka 2022. Chama chenu hakiwezi kuhimili hasara ya namna hiyo.

Faida yenu iko katika kitu mnachokijua tayari, yaani omena, na hasa katika thamani inayopotea kati ya ufuo na soko. Wewe mwenyewe umeona jinsi inavyoanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Jua likiwaka, hukauka kwa siku moja. Mvua ya alasiri ikishuka kabla haijakauka, hulowa, hunata mchanga, hubadilika rangi na kuanza kunuka, na mzigo uliokuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Sasa fikiria vichanja vya miti na wavu wa waya, vyenye kimo cha kiuno, ambavyo hewa hupita juu na chini yake, na ambavyo mtu mmoja anaweza kuvifunika kwa turubai mara wingu linapotanda. Omena ya kichanjani hukauka upesi zaidi, haina mchanga, na mnunuzi anayeijua huitambua pindi anapotia mkono kwenye gorogoro.

Jambo linalonipa matumaini zaidi ni kalenda ya ziwa. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo bei hupanda kwa sababu bidhaa ni chache. Mwenye omena iliyokauka sawasawa anaweza kuihifadhi hadi wakati huo, ilhali yenye unyevu huota ukungu ghalani. Kwa hiyo kichanja kizuri hukupa pia uwezo wa kuchagua siku ya kuuza, na uwezo huo ndio ambao mchuuzi mdogo hukosa.

Ningekuwa mwanachama, ningependekeza msitumie zaidi ya theluthi moja ya akiba kwa vichanja, turubai na chumba kikavu chenye sakafu iliyoinuliwa, na sehemu kubwa ya kilichobaki iwe fedha za kununulia omena nyingi inapokuwa rahisi. Mkubaliane kwanza na kamati ya usimamizi wa ufuo kuhusu mahali pa kujenga, na makubaliano hayo yaandikwe. Chukueni kibali cha biashara cha kaunti na vyeti vya afya vya washughulikiaji wa chakula. Baadaye, mkitaka kufunga omena katika pakiti kwa ajili ya maduka ya Nakuru na Nairobi, mtahitaji alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Faida nyingine, ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, ni kwamba kikundi kinachofika ufuoni na fedha taslimu kwa jina la chama humwepusha mama mmoja mmoja na masharti ya aibu ambayo baadhi ya wavuvi huwawekea wanawake wasio na mtaji.

SWALI: Mshauri, mimi ni kijana wa mtaa wa Manyatta, nimemaliza kidato cha nne. Dalali ameniomba shilingi 15,000 ili anipatie kazi bandarini. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe hata senti moja, mwanangu. Nafasi za mashirika ya umma hutangazwa, na kuomba ni bure. Ukitaka kazi inayotokana na ziwa, jifunze kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, kisha ufanye mtihani wa daraja wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Meli ya MV Uhuru II iliundwa papo hapo Kisumu, na vyombo vya chuma vinahitaji fundi wa kuvitengeneza maadamu viko majini. Shilingi zako 15,000 zinatosha kuanzia karo.